Breki za Aliye Mbele

Jumatatu, 4 Mei

Muuza matairi ametuletea shajara ya bure kama kila mwaka, jalada lina picha ya tairi. Zamani mume wangu aliandika humo upepo wa matairi ya wageni. Mwaka huu ameiacha mezani hadi ikashika vumbi, nikaichukua kabla mama mkwe hajaifanya ya kuwashia jiko. Ndiyo maana naandika. Sina mengi ya kusema.

Leo wameinua kizuizi cha barabara ya juu, kwa hiyo msimu umeanza. Wageni wa kwanza wanakuja Jumamosi. Watu hawa wanalipa pesa zao kuja kupanda milima kwa baiskeli. Wanatweta, wanatapika kando ya barabara, wanachubuka makalio, kisha wanarudi makwao wakisema wamepumzika. Mama mkwe amewapikia tangu mimi sijaolewa na bado hajawaelewa. "Mtu ana gari, ana afya, ana akili zake timamu," anasema, "mlima anautafutia nini?"

Shemeji, mdogo wa mume wangu, ndiye anayetangulia siku hizi. Mume wangu yuko karakana. Mimi nipo palepale: naendesha gari la nyuma, nikimfuata aliye mwisho kabisa, na maji, magurudumu ya akiba na sanduku la dawa.

Msimu ukiisha naondoka. Shoga yangu niliyesoma naye anakatisha tiketi katika kampuni ya mabasi kule bondeni. Wanatafuta dereva, na wana chumba cha mfanyakazi. Nimeshaonana nao, nimewaambia nitaanza kizuizi kikishushwa. Nyumbani sijamwambia mtu. Nimesoma tena nilichoandika hapa na naona nimekiandika kama ratiba ya kufua mashuka.

Jumamosi, 9 Mei

Wageni wamefika, baiskeli zimefungwa kama mayai. Nimetandika vitanda. Mvua kidogo.

Alhamisi, 14 Mei

Leo ilikuwa milima midogo tu, mtu wa mwisho akiwa bwana mmoja mnene mwenye adabu aliyekuwa akiniomba radhi kila kona. Nilimfuata asubuhi nzima kwa gia ya kwanza. Aliposhuka mkono ulikuwa umemfa ganzi kwa kung'ang'ania usukani, akaniuliza kama ni hatari. Nikamwambia akamwone Fundi. Kila mtu anamwita mume wangu Fundi sasa. Zamani walimwita Kiongozi.

Mume wangu aliushika ule mkono, akausugua kwa mafuta. Bwana yule akapiga kelele kwamba unamchoma. "Vizuri," mume wangu akasema. Ndilo neno pekee nililomsikia akisema leo.

Anapolala ni kwenye chumba kidogo kando ya karakana, kwa sababu ya ngazi. Mimi nalala juu. Tulianza hivyo alipotoka hospitali, ikawa ni kwa muda tu, na muda wenyewe ukarefuka.

Jumamosi, 23 Mei

Kileleni kwa mara ya kwanza msimu huu.

Kuna jambo letu linalofanywa pale juu ambalo sijaliona kwingine. Marehemu baba mkwe ndiye aliyelianzisha. Kabla ya kushuka, wote wanasimama kwenye mstari. Kila mtu anashika breki za aliye mbele yake. Anainua gurudumu, analizungusha, anabana, anatazama raba, anaminya tairi. Akiridhika anapiga kiti cha baiskeli na kusema, "Shuka." Wa mwisho namshika mimi. Wageni wanalipenda sana, wanapigana picha. Baba mkwe alisema mtu haoni breki zake, anaona za mwenzake, na kama kawaida yake hakueleza zaidi.

Tatizo lilikuwa wa kwanza. Aliyesimama nyuma ya kiongozi siku zote alikuwa mgeni, na mgeni gani atamkagua kiongozi, ambaye pia ndiye fundi aliyemtengenezea yeye baiskeli jana yake? Ilikuwa heshima tu. Walipiga kiti wakacheka. Mwaka jana, wiki ya mwisho, nyuma ya mume wangu alisimama daktari wa meno, mwanamke anayekuja kila mwaka. Akapiga kiti, akasema, "Wewe tena!" Watu wakacheka. Nilisikia hadi ndani ya gari.

Ilikuwa imeanza kunyesha. Kwenye ile kona ambapo maji yanakatiza barabara, breki zake hazikushika. Mimi ndiye ninayefika mwisho. Niliwakuta wageni wamesimama, halafu nikaikuta baiskeli, halafu yeye, chini ya ukuta, mguu umekaa vibaya. Macho yalikuwa wazi. Aliniuliza kama wageni wote wamefika. Raba zake za breki zilikuwa zimelika hadi chuma. Wiki nzima alikuwa amebadilisha za wengine. Kinyozi hajinyoi.

Leo nimepita kona ile. Nilisubiri nihisi kitu. Nikakumbuka kwamba mafuta ya gari yamebaki robo.

Jumanne, 2 Juni

Mvua. Wageni wamecheza karata sebuleni. Mama mkwe amewafunga wote.

Alhamisi, 11 Juni

Shemeji ndiye pekee anayecheka katika nyumba hii. Asubuhi anashuka ngazi akiimba, anawataja wageni kwa utani, anabusu shavu la mama yake na kuiba yai. Mlimani anaenda mbele na kurudi nyuma kama mbwa mchungaji. "Shemeji, maji!" ananipigia kelele dirishani. "Shemeji, leo umevaa shati la jana!" Namrushia chupa. Bila yeye tungekuwa tumeshafunga mlango. Halafu natazama karakana, naona mgongo wa mume wangu umeinamia gurudumu, na nasema moyoni kwamba huyu mmoja anavuta na yule mwingine amekaa ndani ya mkokoteni.

Si vizuri kuandika hivyo juu ya mume wako. Nimeandika.

Jumamosi, 20 Juni

Nimeshika sufuria ya supu bila kitambaa, nikaibeba kutoka jikoni hadi mezani. Mama mkwe akanishika mkono.

"Mwanangu, umeungua."

"Eh."

"Eh nini? Ngozi inatoka hii!"

Akanipaka asali, akanifunga kitambaa, huku akinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko mkono ulivyohitaji. Kisha akasema wali umeshika chini kwa sababu yangu. Nimeendesha kwa mkono mmoja na nusu.

Jumatano, 1 Julai

Jua. Wageni wapya, pancha nyingi. Mkono unapona.

Jumapili, 12 Julai

Tulirudi mchana. Nilikuwa nashusha magurudumu wakati shemeji alipoingia uani kwa mbwembwe zake, akabana breki mbele ya mama yake ili amtie hofu. Mume wangu alikuwa ndani, hata hakuwa anaona uani. Akatoka mlangoni na fimbo yake.

"Raba za mbele zimeisha," akasema.

Shemeji akacheka. "Kaka, umeziona kupitia ukuta?"

"Nimezisikia. Ilete."

"Pumzika, kaka. Hii naitazama mwenyewe."

Akaibeba baiskeli begani hadi chumbani kwake juu. Tangu msimu uanze hajaipeleka karakana hata mara moja, sasa ndiyo nimetambua. Mume wangu alibaki mlangoni muda kidogo, kisha akarudi ndani. Mimi niliona ni wivu. Mtu akikaa kitako anawasikia wanaotembea wote wanakanyaga vibaya.

Jumamosi, 25 Julai

Shoga yangu amepiga simu. Chumba kina dirisha. Nimesema vizuri.

Jumatano, 5 Agosti

Mvua zimerudi mapema. Ukungu hadi mchana, kutoka kwenye gari naona taa ndogo ya mtu wa mwisho na si zaidi. Tunapanda polepole mno hivi kwamba konokono wangetupigia honi.

Mama mkwe ameniuliza jikoni, akiwa ameangalia vitunguu, kama nimeshawahi kufikiria kulala chini. Nimemwambia kitanda cha kule ni chembamba. "Mimi na marehemu tulilala kwenye chembamba kuliko hicho," akasema, "na mbwa." Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria.

Ijumaa, 14 Agosti

Shemeji ameteleza kwenye kona ya chini, karibu na daraja. Hakuumia sana, kiwiko tu. Mbele ya wageni aliinuka akainama kama mwigizaji, wakampigia makofi. Lakini mimi nilikuwa nimefika, na niliona uso wake kabla hajawageukia. Alikuwa mweupe midomo. Nilidhani najua nyuso zake zote.

Jioni mume wangu alikuja chini ya ngazi. Akasimama pale, mkono kwenye nguzo, akaita jina la mdogo wake. Shemeji akatoka juu na bendeji yake.

"Ilete baiskeli," mume wangu akasema.

"Ni maji tu, kaka. Barabara ilikuwa na maji."

"Kila siku ina maji. Ilete."

"Ulianguka wewe. Mimi sikuanguka."

Uani wageni waligeuza vichwa. Shemeji mwenyewe alishtuka kwa alichokisema, lakini neno likitoka halirudi mdomoni. Mume wangu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akageuka akaenda karakana. Nikainuka nimwambie shemeji jambo, sijui lipi. Mama mkwe akanivuta nguo.

"Kaa. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Na wakipatana?"

"Tutatafuta kapu," akasema. "Kwanza wapatane." Akaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi, na kitu kilivunjika.

Nimeketi hapa kitandani na ninajiuliza. Nilidhani mmoja anavuta na mwingine amebebwa. Leo sina hakika nani ni nani.

Jumamosi, 22 Agosti

Daktari wa meno amekuja.

Sikujua kama angekuja. Mama mkwe alimkumbatia kama aliyetoka safari ya mbali na kumwambia amekonda. Mimi nilimpa mkono. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hakuuachia, na nilimwonea huruma kwa namna unavyomwonea huruma mtu aliye kwenye picha. Nikambebea begi.

Baadaye alikwenda karakana. Nilikuwa napanga chupa za maji upande wa pili wa mlango, na sikuondoka.

"Sikukushika breki," akasema. "Nilipiga kiti tu. Mwaka mzima mtu anafunua mdomo kwenye kiti changu, nami naiona ile kona."

Gurudumu alilokuwa analizungusha mume wangu liliendelea kuzunguka hadi likasimama lenyewe.

"Ungejaribu, nisingekuruhusu," akasema. "Ningekucheka mbele ya watu."

"Kweli?"

"Niliwacheka wote waliojaribu. Na baba nilimcheka."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyomsikia akisema tangu hospitali, na alimwambia mtu mwingine. Nikahesabu kwamba hilo lingepaswa kuniuma. Nikamaliza chupa.

Jumapili, 30 Agosti

Ukungu. Kesho kutwa mvua, wanasema. Kileleni Alhamisi, mara ya mwisho.

Alhamisi, 3 Septemba

Naandika mchana, nimejifungia kwenye gari. Mkono unaandika vibaya, wenye kusoma wanisamehe, yaani mimi.

Asubuhi nilipofungua mlango wa dereva, mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili na fimbo na koti lake la zamani.

"Nafasi ipo?" akaniuliza.

Kiti cha mbele kilikuwa na ndizi na makoti ya mvua ya wageni. Nikavitupa nyuma. Alipanda kwa shida, akauinua ule mguu kwa mikono miwili na kuuingiza kama mzigo, akafunga mkanda. Shemeji alituona. Akajifanya anaangalia gia zake.

Tulipanda mlima mzima tukimfuata mtu wa mwisho, bibi mmoja mwalimu aliyekuwa akijiimbia. Kasi yetu ilikuwa ya mtu anayetembea.  Mara moja alinyoosha mkono akazima feni ya kioo, maana ilikuwa inanipulizia macho, na mimi mwenyewe sikuwa nimejua kwamba inanipulizia macho. Ndani ya gari palikuwa na harufu ya ndizi na mafuta ya mnyororo. Nilikuwa nimesahau harufu yake hiyo. Niliikumbuka tu, kama unavyokumbuka namba ya nyumba.

Juu kulikuwa na upepo na manyunyu. Wakasimama kwenye mstari. Shemeji mbele, daktari wa meno nyuma yake, wengine wakafuatia. Nilishuka kumshika breki yule bibi. Nikasikia shemeji akitania kule mbele, "Daktari, mimi meno yangu mazima!" Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Daktari alikuwa ameinama, mkono wake uko kwenye kiti cha baiskeli ya shemeji, na hakuwa amekipiga. Hakuwa anabana breki wala hakuwa anainuka. Alikuwa ameganda. Akageuza shingo akatazama nyuma, mstari mzima, hadi kwenye gari.

Mlango wa gari ulikuwa umeshafunguka. Mume wangu alipita kando ya mstari na fimbo yake. Lami ilikuwa imelowa na wote tulikuwa tunatazama ile fimbo inapotua. Hakuna aliyemsaidia, na hilo nililipenda. Akafika mbele.

"Shuka kwenye baiskeli," akamwambia mdogo wake.

"Kaka, wageni wanatuangalia."

"Waangalie. Ndiyo maana wamesimama."

Shemeji akashuka. Ule mguu haukunjiki, kwa hiyo mume wangu hakuweza kuchuchumaa. Aliketi chini kwenye lami ya maji, mguu umenyooka mbele yake kama wa mtoto, akaivuta baiskeli hadi mapajani. Akabana breki ya mbele. Mkono wa breki ukaenda hadi kwenye usukani bila kupata kitu. Akainamisha kichwa akatazama raba. Nilikuwa nimefika karibu sasa, nami nikaona. Chuma kitupu, na kwenye ringi mkwaruzo unaong'aa.

Hakuinua kitu kumwonyesha mtu. Aliingiza mkono kwenye koti lake la zamani akatoa raba mpya, za ukubwa uleule. Sijui alikuwa amezibeba tangu lini. Pakiti yake ilikuwa imechakaa pembe kwa kukaa mfukoni.

Shemeji alisimama juu yake na mvua ikimdondoka puani. "Kila nikikuletea baiskeli," akasema, na sauti yake ikawa ya yule mvulana niliyemkuta hapa nilipoolewa, "unaniangalia kama nimevaa nguo zako."

Mume wangu alikuwa ameshikilia skrubu kwa meno. Akaitoa.

"Zinakukaa vizuri," akasema. "Shika hapa, gurudumu lisizunguke."

Shemeji akapiga magoti, akashika. Walifanya kazi ile wawili, vichwa vinakaribia kugusana, na sisi wote tukawasubiri. Walipomaliza, mume wangu akamwambia daktari, "Sasa shika wewe." Daktari akashika. Akazungusha, akabana, akatazama, akaminya tairi, akarudia tena mara nyingine nzima. Akapiga kiti. "Shuka," akasema, kwa sauti isiyosikika vizuri.

Nikarudi kwenye gari. Nilikuwa nimeshawasha injini, nikisubiri mume wangu apande. Hakupanda. Nikamtafuta kwenye kioo, nikamwona amesimama nyuma ya gari, kwenye manyunyu.

"Bonyeza breki," akasema.

"Nini?"

"Bonyeza."

Nikabonyeza.

"Taa ya kushoto haiwaki."

Nikatoa kichwa dirishani. "Tangu lini?"

"Mimi nitajuaje? Nani huwa nyuma yako?"

Nikafikiri. Ni swali jepesi. Mimi niko nyuma ya wote. Msimu huu mzima, kwenye ukungu wote ule, na pengine msimu uliopita pia, nimekuwa nikibonyeza breki na taa haiwaki, na hapakuwa na mtu nyuma yangu wa kuona.

"Hakuna," nikasema.

 Nilimwona kwenye kioo, ile taa moja nzima ikimwekea wekundu upande mmoja wa uso.

"Bonyeza tena, dereva," akasema.

Zamani aliniita hivyo kwa utani, nyumbani, hata mezani: dereva, nipe chumvi, dereva, njoo ulale. Hajaniita hivyo wala chochote tangu ile kona. Nikabonyeza, na hapo kikanitoka. Nililia. Sikulia kwenye kona, wala hospitali, wala usiku wowote juu kule, na sasa nililia kwa mdomo wazi, mguu umekandamiza breki, na sikuweza kuuachia. Kifua kilikuwa kinaniuma kabisa, mahali unapoweza kuonyesha kwa kidole. Nilikuwa na hasira naye. Hilo lilinishangaza. Hasira ya mwaka mzima, kwa sababu ya raba mbili, kwa sababu ya wote aliowacheka, kwa sababu aliniuliza kuhusu wageni.

Alikuja dirishani. Hakuniambia ninyamaze.

"Wageni wanasubiri," nikamwambia.

"Wasubiri."

"Ungekufa."

"Ndiyo."

"Kwa raba mbili!"

"Ndiyo," akasema. "Najua."

Aliweka mkono wake dirishani, mchafu wa mafuta, na nikauacha pale, kisha nikauwekea wangu juu. Baadaye akatafuta balbu kwenye sanduku akaibadilisha, na shemeji akapiga mluzi, wakashuka.

Kwenye kona ya maji niliendesha polepole zaidi. Akatazama ukuta. "Ni mfupi kuliko nilivyoukumbuka," akasema. Na mimi, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia.

"Nimepata kazi kule bondeni. Basi. Msimu ukiisha naondoka."

Tulipita kona mbili au zaidi.

"Breki zake zikoje?" akaniuliza.

"Za basi?"

"Hilo basi."

"Sikuuliza."

Akageuka kunitazama kwa mwili wote, hata ule mguu ukagonga mlango. "Wewe? Hukuuliza breki?"

"Sikujali," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli. Watu wamejaa ndani, na mteremko ule wa bondeni, na sikujali.



Ijumaa, 4 Septemba

Nimelala hadi saa nne. Mama mkwe amewaambia wageni ninaumwa na hakuruhusu mtu apige mluzi.

Jumamosi, 12 Septemba

Daktari wa meno ameondoka. Ameniambia nina jino la nyuma linalohitaji kuangaliwa. Nikamwambia linauma. "Tangu lini?" Nikamwambia tangu wiki iliyopita. Akasema kwa lilivyooza lilipaswa kuuma tangu mwaka jana.

Baiskeli ya shemeji iko karakana. Wanabishana humo kuhusu minyororo kama makuhani. Mama mkwe amepita na kapu la nguo, akanikonyeza.

Jumapili, 20 Septemba

Wageni wa mwisho wamekwenda. Nyumba inasikika mbao zake.

Nilikuwa nakunja mashuka juu niliposikia ngazi. Anapanda kwa kukaa, anajivuta kinyumenyume, ngazi moja, anapumzika, nyingine. Nilitaka kwenda kumsaidia nikajizuia, kama tulivyojizuia sote kule kileleni. Alipofika mlangoni alikuwa amelowa jasho. Hakuingia. Alikaa palepale kizingitini.

"Nimekuja kusema jambo moja," akasema.

"Sema."

"Kama unaondoka, ondoka. Sikuzuii. Umenibeba mwaka mzima na sikukuambia hata asante. Asante." Akavuta pumzi. "Lakini uliza breki."

Nikaendelea kukunja shuka kwa sababu sikujua pa kuweka mikono.

"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo. Sasa sijui nitashukaje."

Nikacheka. Na yeye akacheka kidogo, ile ya puani. Nikamtandikia upande wake wa kitanda, ambao godoro lake bado lina shimo la mwili wake.  Nilikuwa bado na hasira, na nikamwambia, akasema ana muda.

Jumapili, 27 Septemba

Kizuizi kimeshushwa.

Nimempigia meneja wa mabasi. Amefurahi, akaniambia chumba kimepakwa rangi. Nikamuuliza basi nitakaloendesha breki zake zilikaguliwa lini na ni nani aliyezikagua. Akacheka.

"Mama, njoo tu uendeshe. Hayo mengine Mungu anajua."

"Mungu anajua," nikamwambia, "ila nilikuwa nakuuliza wewe." Nikamwambia atafute dereva mwingine. Shoga yangu atanikasirikia, nitamtumia jamu.

Sijui kama nimebaki kwa ajili ya mume wangu. Kuna siku bado naamka sihisi kitu hadi chai. Jino linauma na nitakwenda kulitoa wiki ijayo. Nimeandika haya nikiwa ndani ya gari, uani, injini imezimwa, mvua inanyesha kwenye kioo.

Mama mkwe ametoka jikoni na mwavuli, amesimama akiniangalia.

"Mwanangu, gari haliendi popote. Unakanyaga nini humo?"

"Breki, mama."

"Za nini?"

"Nangoja mtu aniambie kama taa zinawaka."

Akafungua mdomo anijibu, lakini kutoka mlango wa karakana, nyuma yangu, mume wangu akatangulia.

"Zote mbili," akasema.